Siki ya Mchele na Mkono wa Kutia Chumvi

Chupa yenyewe niliinunua Dar es Salaam, katika duka lenye viyoyozi, nikaipakata njia nzima hadi Ruangwa nikiogopa isivunjike. Siki ya mchele. Lebo yake ina maandishi ya mashariki ya mbali ambayo hata mimi, pamoja na elimu yangu, siyasomi. Nilipoifungua hapa jikoni kwangu, jiko lenye vigae ukutani na karo lisiloshika kutu, harufu ikapanda nikalazimika kuketi. Binti wa jirani, ambaye huja kunisaidia siku nikiwa na wageni, alinusa akakunja pua.

"Bibi, hiki mbona kimeoza?"

Hakijaoza, nikamwambia. Sikumweleza zaidi, kwa sababu wakati ule mimi sikuwa jikoni kwangu tena. Nilikuwa kijijini Malolo, katika chumba cha ndani cha bibi yangu, na mlango ulikuwa umefungwa.

Wewe rafiki yangu unanijua hivi nilivyo sasa. Umekaa kwenye makochi yangu, umeiona diploma ya sayansi kimu sebuleni katika fremu ya mninga, na wala sikukuficha kwamba mimi ni mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kupata karatasi ya namna ile. Nimefundisha mapishi wasichana ambao leo wanaendesha hoteli. Hakuna mjomba aliyeniombea nafasi wala mume aliyenisomesha. Lakini mambo ya siki sikufundishwa chuoni. Mkufunzi wetu alipofika kwenye somo hilo aliandika ubaoni maneno machache, mimi nikanyoosha mkono nikaongea mpaka kengele ikalia.

Baba yangu alikwenda Nachingwea miaka ya arobaini ikiisha, Wazungu walipokuja na matrekta kung'oa msitu ili wapande karanga. Aliendesha moja ya matrekta hayo na mama akamfuata kambini. Mimi nikabaki Malolo kwa wazazi wa mama, ili nisikulie kwenye vumbi na kelele. Karanga zikawashinda Wazungu, wengi wakaondoka, baba akabaki kulekule akilinda maghala. Akija kutusalimia alikuwa na hadithi za kutuchekesha. Moja ilikuwa ya meza ya Wazungu. "Chakula kinapikwa chapwa, bila chumvi," alisema, "halafu chumvi inawekwa mezani kwenye kikombe kidogo, kila mtu anajitilia yake, kama watu wasioaminiana." Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kikombe hicho kikumbuke, tutakirudia.

Nyumba ya babu ilikuwa na watu wanne. Babu mwenyewe alifundisha watoto Kurani asubuhi na alikuwa na pumu. Ukimsikia anapanda kibaraza ulihesabu pumzi zake bila kutaka. Aliniita mke wangu mdogo, na bibi aliniita mke mwenza, ule utani wa kwetu wa wazee na wajukuu. Wa nne alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuwa hodari wa kazi, na ulimi wake ulikuwa hodari kuliko mikono.

Bibi alikuwa na kitu ambacho nyumba nyingine za Malolo hazikuwa nacho: mitungi ya siki ya mchele. Alijifunza kwa mwanamke mmoja wa Lindi alipokuwa msichana. Alipika wali laini, akauacha upoe, akautia maji na unga wa kimea cha mtama, kisha akaufunika kwa kitambaa, si kwa kifuniko, kwa kuwa alisema siki lazima ipumue. Siku za kwanza mtungi ulinukia utamu. Baadaye ulianza kuchemka wenyewe, kwa sauti ndogo kama watu wanaosengenya, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. "Imelewa," bibi alisema, "iacheni ilale." Nyumba ya mwalimu wa Kurani kunukia kimea ni jambo la kuzungumzwa kisimani, ndiyo maana mitungi ilikaa chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha. Babu hakuionja mpaka bibi athibitishe kwamba imegeuka yenyewe, imekuwa chachu kabisa, haina ulevi hata chembe. Ndipo angesema bismillahi na kuchovya kidole.

Zilikuwa siki mbili. Moja ilitoka kwenye mchele uliotwangwa ukang'aa, nyepesi, ya rangi ya maji ya dafu, haina ukali mwingi. Nyingine ilitoka kwenye mchele uliovuliwa makapi tu ukaachwa na pumba zake. Hiyo ilikuwa ya hudhurungi, nzito, na ladha yake ilikaa mdomoni muda mrefu. Leo naweza kukueleza sababu zake kitaalamu. Wakati ule nilijua tu kwamba ile nyeupe ni ya samaki na majani, na ile ya pumba ni ya nyama.

Sasa nikueleze habari ya chumvi, maana bila hiyo hutanielewa.

Kwetu, mwanamke aliye katika siku zake hakutia chumvi kwenye chungu. Aliweza kupika, kukoroga, kupakua, ila chumvi hapana. Akitia, anayekula chakula kile atapatwa na kifua, kikohozi kisichokwisha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi chumvi ilitiwa na mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, kila siku, ili pasiwe na mtu wa kukaa akihesabu siku za wanawake wa nyumba. Bibi angeweza, maana umri huo aliupita zamani, lakini macho yake hayakuona vizuri jioni na mkono wake ulikuwa mzito. Babu alimwomba kwa heshima zote aache. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkono wa chumvi. Kuanzia darasa la tatu nilikabidhiwa mboga kabisa, niipike mwenyewe na kuikoleza mwenyewe, na nilijiona mkubwa.

Nikavunja ungo mvua za kwanza zilipoanza, nikiwa darasa la nne.

Msichana mwingine angekwenda kwa bibi yake akasema. Angewekwa ndani, angefundwa na kungwi, angechezwa ngoma, na akitoka angekuwa mwali wa kuozwa. Mimi nilikuwa na mambo mawili. La kwanza, mwalimu wetu wa kike pale Ruangwa alikuwa ameshaniambia kwamba nikifaulu mtihani wa darasa la nne nitakwenda shule ya wasichana ya bweni. "Darasa zima ni wewe tu," alisema, na alisema kweli. La pili, kulikuwa na mposaji. Mnunuzi wa ufuta kutoka Nachingwea, mtu mzima mwenye baiskeli mpya, alikuwa ameshazungumza na babu, na akajibiwa kwamba mtoto akikua, tutaona. Kila kitu kiliningoja nikue. Mwili ukakua kabla ya mtihani.

Nikanyamaza. Jioni ile nikakaa mbele ya chungu cha kisamvu, kifuu cha chumvi mkononi, na ndani kule babu anakohoa. Nisipotia, watajua. Nikitia, nitamuua babu. Wala usicheke, rafiki yangu. Nilikuwa naamini kama ninavyoamini kwamba jua linachomoza. Kuikimbia nyumba nisingeweza, na kumwambia mtu nisingeweza. Hata kulia sikuweza, maana mama mdogo alikuwa anapepeta mchele hatua chache kutoka nilipokaa.

Nikakumbuka mitungi. Nikaingia chumba cha ndani kama ninayefuata upawa, nikachota siki nyeupe, nikaitia kwenye kisamvu baada ya kukiepua. Siki huamsha ulimi. Kisamvu chenye tui la karanga ni kizito, kinalala mdomoni, na tone la siki likiingia kinaamka na ulimi unasahau kuuliza chumvi iko wapi. Babu alikula akajilamba vidole. "Mke wangu mdogo leo amepika," akasema. Bibi akatafuna polepole.

Hivyo ndivyo nilivyopita mwezi ule, na uliofuata. Nilidhani nimewashinda wote. Lakini nilikuwa nimefanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya: nilificha chumvi, nikasahau kwamba siki nayo inahesabika. Mama mdogo akaniambia tukiwa kinuni, bila kuinua macho:

"Siki yako inafuata mwezi, eeh?"

"Mwezi gani, mama mdogo?"

"Huo wa juu. Ukiandama, tunakula siki. Ukikua, tunakula chumvi. Nauliza tu, mwanangu."

Mchi ulikuwa mzito ghafla. Nikajibu kwamba ninajifunza kupika kama watu wa Lindi, na kuanzia siku hiyo nikalazimika kuwa mtu wa Lindi kweli. Nikatia siki kila siku, penye chumvi na pasipo na chumvi, ili asiwepo wa kuhesabu. Hapo ndipo nilipokuwa mpishi, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa mzuri. Nilijifunza kwamba siki ikitiwa mapema kwenye mchicha, majani yanakuwa na rangi ya khaki. Iwe ya mwisho kabisa. Kwenye kunde ikitangulia, kunde hazilainiki hata uchochee kuni mpaka kesho. Kwenye jogoo mzee ni kinyume chake: mlaze ndani ya siki ya pumba tangu asubuhi na jioni atakuwa kuku wa watu. Ukiichemsha, acha chungu wazi ili ukali utoke na moshi, lakini kama unaitaka harufu yake, subiri uepue. Na usiilaze kwenye bati wala alumini, itachukua ladha ya kopo. Yote hayo niliyapata kwa hofu, kwa kuonja na kuharibu, huku mama mdogo akinitazama.

Mtihani ulikuwa ufanyike Nachingwea. Siku zilipokaribia, mposaji akatuma salamu kwamba anakuja na mjomba wake. Walikuja, na siku waliyokuja ilinikuta katika siku zangu.

Babu alichinja jogoo. Wanawake wa jirani wakaja kusaidia, ua ukajaa. Nilikuwa nimemlaza jogoo kwenye siki tangu alfajiri, nikampika na vitunguu mpaka mchuzi ukashikana. Ukabaki kukolezwa. Mama mdogo akaenda mwenyewe kuchukua kifuu cha chumvi, akaja nacho mbele ya wote, akakinyoosha kwangu.

"Haya, mkono wetu. Koleza, wageni wana njaa."

 Wanawake wa kwetu wanajua kunyamaza kwa namna ambayo ua mzima unakuwa sikio. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwangu. Upande wa barazani babu alikuwa anacheka na wageni, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

Nikapokea kifuu. Nikakishika tu. Mchuzi ulikuwa unatokota, na nakumbuka viputo vyake vikipasuka kimoja kimoja. Nilijiona nikitia, nikaenda Nachingwea, nikafanya mtihani, na nikirudi babu hayupo. Ndipo nikakumbuka kikombe cha Wazungu.

Nikachukua kisosi kizuri cha bibi, kile chenye maua, nikamimina chumvi ndani yake, nikakiweka kwenye sinia kando ya bakuli la kuku. "Kuku wa siki hakolezwi jikoni," nikasema. "Chumvi ikikutana naye motoni, nyama inakaza. Kila mtu anajitilia yake. Kambini Nachingwea wanakula hivyo."

Uongo ule niliutunga pale pale, na hadi leo nashangaa ulivyokaa vizuri. Mama mdogo alifungua mdomo. Bibi akamtangulia.

"Pelekeni chakula," akasema.

Kule barazani mjomba wa mposaji akaangua kicheko.

"Mwalimu, mke gani huyu? Ananialika halafu ananiambia nijikoleze mwenyewe."

"Ndiyo usomi huo," babu akajibu. "Wewe kula, shemeji. Chumvi hiyo hapo, hujafungwa mikono."

Wakala mpaka mifupa ikawa myeupe. Lakini mposaji, nilimwona kupitia ufa wa makuti, alikuwa anakitazama kile kisosi kama mtu aliyewekewa nyoka mezani.

Walipoondoka bibi aliniita chumba cha ndani. Alirudisha mlango. Tukasimama kati ya mitungi, giza la kunusa tu, na mtungi mmoja ulikuwa kwenye ulevi wake, unasengenya.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza, bibi."

"Na hukutia chumvi?"

"Sikutia."

"Hata siku zile ulipokuwa peke yako jikoni, hakuna anayekuona?"

"Hata peke yangu. Babu ana kifua."

 Nilisikia anainamia mtungi, anarekebisha kitambaa. Kwetu, siku ya mwali inahesabiwa tangu siku aliyosema kwa bibi yake. Kabla ya hapo ni mtoto, hata kama kisima kizima kinajua.

"Mke mwenza," akasema, "masikio yangu yamezeeka. Sijasikia ulichosema. Utaniambia ukirudi kutoka Nachingwea."

Nikaenda kwa lori, juu ya magunia. Nikafanya mtihani katika jengo lililobaki la wale watu wa karanga, na nje matrekta yalikuwa yameota nyasi hadi kwenye viti. Baba alinisubiri nje amekunja mikono. Sikuwa na furaha yoyote, kwa sababu nilijua nikirudi nitasema. Ningeweza kubaki kwa mama. Nilirudi. Bibi alikuwa amenipa uziwi wake, na mimi nilikuwa na ukweli wa kumlipa.

Nikasema, nikawekwa ndani. Katika chumba kile kile, pamoja na siki.

Sijui namna ya kukueleza kukaa pale. Mlango ulifunguliwa kwa chakula na kwa kungwi, na alipotoka ulifungwa. Sikumwona babu, nilimsikia. Sikujua mtihani umekwendaje, wala kama mposaji amerudi na jibu gani amepewa, na mwali haulizi. Nilipoteza siku. Nikawa nahesabu kwa pua: mtungi huu umefika kwenye utamu, umelewa, umeanza kuchachuka. Niliweka sikio kwenye udongo wake. Mle ndani tulikuwa wawili tuliofungwa tugeuke, na hakuna aliyetuuliza tunataka kuwa nini. Mpaka leo nikilala chumba kisicho na dirisha huamka nimelowa jasho.

Siki ilikuwa bado haijaiva nilipoisikia kengele ya baiskeli, na sauti ya mwalimu wa kike barazani. Alisema nimefaulu na shule inafunguliwa karibuni. Babu akasema mwali hatoki kabla ya kuchezwa, na wakati wa kucheza ni baada ya mavuno. Mwalimu akaanza kusihi. Kisha nikasikia kigoda cha bibi kikisukumwa.

"Achezwe kesho," bibi akasema.

"Kesho? Na watu wa ufuta nitawaambia nini?"

"Waambie wasubiri amalize shule. Na pombe... na siki yangu nayo itasubiri."

Babu akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nikachezwa kesho yake kwa ngoma za kuazima, na mafuta hayajanikauka mwilini nikapandishwa kwenye lori. Mama mdogo ndiye aliyenifungia mzigo. Alinipa chupa ya siki ya pumba, kizibo cha gunzi, akasema, "Usiitumie kwa mwezi, watakuhesabu." Ndivyo alivyokuwa anaomba radhi. Mposaji hakusubiri. Alioa kijiji cha Nambilanje, na nilisikia baadaye kwamba mkewe alikuwa na mkono mzito wa chumvi. Nilifurahi kupita kiasi.

Sasa babu hayupo, na kilichomchukua kilikuwa homa, si kifua. Bibi hayupo, mama mdogo hayupo. Nilipokwenda Malolo mwaka niliojenga nyumba hii, chumba cha ndani kilikuwa kichuguu. Nyumba za kule zina siki ya dukani, ile ya maji yenye ukali mtupu, na wanawake wananiuliza kimea cha mtama ni dawa ya nini. Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe, kwa vipimo, kwa kipimajoto. Inatoka nzuri. Wageni wangu wanaisifu.

Lakini nikuambie jambo ambalo halimo kwenye diploma. Miaka yote niliyofundisha, niliwaambia wasichana chumvi itiwe lini na kiasi gani, na nikawaambia habari ya kifua ni imani ya zamani. Nyumbani kwangu sijawahi kutia chumvi kwenye chungu. Umri ule nimeupita zamani, ningeweza kabisa. Mkono unakataa. Chumvi yangu iko mezani, kwenye kisosi, na watu husema, huyu mama amesoma, anakula kizungu.

Jana binti wa jirani alionja kuku wangu wa siki, akatikisa kichwa. "Bibi, hii haina chumvi hata kidogo." Kabla sijasema neno akachota kwa vidole, akatupia ndani ya sufuria, akakoroga huku anaimba. Ana umri ule ule niliokuwa nao. Zamani ningemuuliza, na angejua ninauliza nini.

Sikumuuliza. Niliketi mezani, nikajipakulia, nikala.